Nguo Nane, Rangi Moja

Gereji,
Jumanne, 4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Kwa barua hii natangaza rasmi, mbele yako, mbele ya mama yako ambaye ni dada yangu, na mbele ya yeyote atakayeisoma kwa kuchungulia begani kwako, kwamba kuanzia juzi jioni mjomba wako ameteuliwa kuwa Mchanganyaji Mkuu wa Rangi wa kikosi chetu. Uteuzi ulifanywa na Kepteni mwenyewe, uwanjani mbele ya ngome, wakishuhudia askari wote na farasi mmoja. Sherehe ilikuwa fupi kwa sababu Kepteni aliitwa na mama yake akale.

Unajua nimeishi miaka mingi bila cheo. Hapa gereji naitwa Fundi, nyumbani naitwa "wewe", na ndani ya gemu, tangu uliponiingiza wakati wa likizo, nimekuwa yule mzee anayegonga ukuta kwa kuwa hajui kugeuza farasi. Kwa hiyo usinicheke nikikuambia kwamba uteuzi huu niliupokea nikiwa nimesimama wima sebuleni, simu mkononi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna shindano la mavazi. Kikosi kitakachopiga picha kimevaa nguo za rangi moja, bila tofauti hata kidogo, kinapewa bendera ya dhahabu. Wenzetu walichagua zambarau nyepesi. Kila mmoja akaingia duka la rangi humo humo ndani ya gemu, akaandika namba ya rangi, nguo ikageuka, basi. Namba! Mimi napuliza rangi magari tangu mama yako hajaolewa, na sijawahi kuliuliza gari namba yake. Natazama bati, natazama kopo, nachanganya, narudi kutazama bati. Nikamwambia Kepteni mimi nitaipata kwa macho. Nikavuta kidole kwenye vile vistari, wekundu kidogo, bluu kidogo, nikazidisha, nikapunguza, mpaka nguo ya Brashi ikakaa sawa na za wenzake. Brashi ndiye mimi, nakukumbusha, kwa vile vitani hunitazami. Na kwa kuwa ulikuwa kazini na uliniachia neno lako la siri, nikaipaka na nguo ya Sindano wako. Huna haja ya kunishukuru.

Ushahidi umo ndani ya bahasha. Ni hiyo mnayoiita skrinshoti, nimeichapisha kwenye karatasi pale steshenari, nakala mbili, moja nimebaki nayo. Tutazame tulivyopangwa mstari, nane, kama vifungo vya koti.

Utauliza kwa nini sikuituma kwa simu. Jibu unalijua. Tangu siku ile nilipodhani nakuandikia wewe peke yako habari za tumbo langu, kumbe nawaandikia kikosi kizima, na Mwewe, mtu ambaye sijawahi kumtia machoni, akanishauri ninywe maji ya moto, mimi na vitufe vya simu tumeachana kwa heshima. Barua inakwenda kwa mtu mmoja. Dereva wa lori la saruji anapita kwenu kila wiki, na lori lake silitengenezi ila mimi, kwa hiyo hathubutu kuzipoteza barua zangu.

Mkaza mjomba wako anakusalimu. Kobe naye, msaidizi wangu, ambaye bado anapiga msasa ule mlango aliouanza ulipokuwa hapa, anakusalimu polepole.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi, na sasa Mchanganyaji Mkuu


Chekechea,
Jumanne, 11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sisi huku wazima, Mama anakusalimu. Hongera kwa cheo. Barua yako niliisoma nimekaa kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni, nikacheka mpaka mpishi akaja kuchungulia kama kuna mtoto kakabwa na kitu.

Sasa nikuambie jambo, na usinune. Nguo zile si rangi moja. Sita ni zambarau. Mbili ni kijivu, kijivu cha jivu kabisa, utadhani wenyewe wametoka kuzima moto. Hizo mbili ni yako na yangu. Kepteni alinyamaza kwa sababu ya umri wako, lakini Mwewe aliuliza kama tumeazima nguo kikosi cha jirani. Bendera tumeikosa.

Kwanza nilisingizia printa, nikasema wino wa steshenari umekwisha. Nikafungua gemu kwenye simu yangu: yale yale. Nikaomba simu ya Mama: yale yale. Wiki hii darasani tunafundisha rangi, basi nikaibandika picha ubaoni, nikawaambia watoto waje wawaguse watu ambao nguo zao hazifanani na za wenzao. Wote walikuja kwako na kwangu. Yule anayeanza kila asubuhi kwa kulia akakuwekea kidole kifuani, akasema, "Huyu hajaoga."

Mama anasema huu ni utani wako, kwamba utani wako hukaa wiki nzima ndio uive, na kwamba ulipokuwa mdogo ulimwambia kuku anataga mayai ya bluu na ukamfanya alale bandani kusubiri. Kama ni utani, umenipata, nacheka. Niambie tu kwamba ni utani.

Halafu punguza kugonga ukuta. Farasi wangu anaumwa kwa kukutazama tu.

Mpwa wako,
Sindano


Gereji,
Jumatatu, 17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Si utani.

Picha ile nimeitazama asubuhi mlangoni, nimeitazama mchana juani, nimeitazama na miwani na bila miwani. Zile ni nguo nane za rangi moja. Nakwambia kama mtu ambaye mkate wake unatoka humo. Wewe unaona rangi mbili mahali palipo na moja. Na hao mashahidi wako wa chekechea ni watu wanaokula chaki. Mmoja kakimbilia kwetu, waliobaki wakamfuata. Watu wazima nao huchagua kinyozi kwa mtindo huo huo.

Siku hizi ubishi umeenea, sijui ni hali ya hewa. Yupo mwenye basi dogo jeupe la kubebea wanafunzi, nimempakia rangi mlango uliogongwa, ukatoka safi. Baada ya siku chache karudi, anasema gari jeupe, mlango rangi ya maziwa. Nikamwambia akalioshe gari lake kwanza ndipo aje kunifundisha weupe. Kobe alikuwepo. Alikohoa tu. Vumbi la msasa litammaliza yule.

Lakini sasa naweka mzaha pembeni, mama. Babu yako unamkumbuka yuko kitini karibu na dirisha, anakuuliza nje kukoje. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani ni mchezo, ukawa unamjibu kuna tembo. Mimi namkumbuka kabla ya hapo. Hakuanza kwa kujikwaa wala kwa kusema haoni. Alianza kwa kubishana. Alimbishia bibi yako kwamba shuka si nyeupe, zirudi majini. Alimbishia muuza nguo. Alibishana na kila mtu kuhusu kila kitu chenye rangi, na sisi tukasema mzee amekuwa mkali. Tulipokuja kujua, dirisha lilikuwa limeshafungwa kwake.

Sitaki nikuone wewe katika kile kiti. Wewe unavuka barabara na watoto wa watu umewashika mikono. Nenda kapimwe macho. Usimwambie mama yako kwamba ni mimi niliyesema, atalia kabla hujaondoka.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi


Chekechea,
Jumatatu, 3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Sikumpa Dereva jibu siku ile, nilimwambia apite tena.

Nimekwenda kupimwa kama ulivyosema. Daktari wa macho hapa ni mtu mpole. Aliniweka kidevu kwenye chuma, akanimulika, akaniuliza maswali mengi, mengine ya nyumbani kabisa. Hakunipa jibu. Anasema mambo haya hutembea kwenye ukoo, na kabla hajasema neno anataka mtu mzima wa upande wa mama apimwe, walinganishe. Mama unamjua, akitajiwa hospitali tu anaumwa kichwa. Umebaki wewe.

Nasikia kwenu kuna kliniki ya macho nyuma ya soko. Si jambo kubwa. Unakaa, unasoma herufi, wanakumulika, unaandikiwa karatasi, unamkabidhi Dereva aniletee. Hawakuchomi kitu.

Nifanyie mimi hilo, Mjomba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa, ukiondoa ile baiskeli.

Mpwa wako,
Sindano


Gereji,
Ijumaa, 14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole sana, na usiwe na hofu. Daktari anayeuliza maswali mengi ni yule anayejua kazi.

Nilikwenda kliniki juzi. Nilifika mapema, nikavaa shati la kutokea, mkaza mjomba wako akadhani naenda kuposa. Bahati mbaya mashine yao imeharibika. Wameniambia nirudi mwezi ujao, au mwingine, watakapoletewa kifaa. Nitarudi.

Kwenye gemu hamnioni kwa sababu simu yangu ina matatizo, inazimika yenyewe. Mwambie Kepteni sijakimbia vita.

Hapa kazi zipo. Kuchanganya rangi nimemwachia Kobe kwa sasa, ajifunze, mimi nasimamia. Mchanganyaji Mkuu hashiki kopo.

Je, unapovuka barabara unaona sawasawa? Jioni je? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Ni mimi,
Mjomba


Chekechea,
Alhamisi, 20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barabara naiona. Jioni pia naiona. Usikose usingizi kwa ajili hiyo.

Kikosi kinakuulizia kila siku. Hapana anayegonga ukuta, ngome imekuwa kimya kama msiba. Mwewe anasema bila wewe hajui amcheke nani, na ameanza kujicheka mwenyewe.

Sasa wamekufanyia jambo. Lilikuwa wazo la Mwewe, nami nikaunga mkono. Sitakuambia ni nini, ukitazama picha niliyoweka ndani ya bahasha utaona mwenyewe. Tulijipanga mstari ule ule, mbele ya ngome ile ile, makusudi, ili uweze kulinganisha na ile ya kwanza. Wanasubiri kusikia utasemaje. Kepteni amesema akichelewa kulala leo ni kwa ajili yako.

Niandikie upesi.

Mpwa wako,
Sindano


Gereji,
Alhamisi, 27 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Bahasha imefika salama, Dereva ameileta kifuani kama kitoto.

Nashukuru kwa picha, ila umenirudishia ile ile ya kwanza. Labda ulipanga kutuma nyingine ukachanganya, mambo ya watoto kukupigia kelele. Nimeziweka zote mbili mezani bega kwa bega nikatafuta hilo jambo mlilofanya. Kofia ni zile zile. Farasi yupo palepale, na bado anatazama upande usio na vita. Nikageuza karatasi nyuma nione kama mmeandika kitu. Hakuna.

Mkaza mjomba wako alipita na chai, akazitazama, nikamwuliza kama ameona tofauti. Akasema ngoja akatazame sufuria. Sufuria yenyewe haikuwa motoni.

Basi nitumie hiyo nyingine, nami nitacheka kwa bidii, nawaahidi.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi


Chekechea,
Jumatatu, 31 Machi

Mjomba, shikamoo.

Hakuna nyingine. Picha ya pili ndiyo hiyo, na si ile ya kwanza.

Mwewe alisema kama Brashi hawezi kuja kwenye rangi yetu, sisi twende kwenye ya kwake. Kila mmoja aliingia duka la rangi, akanakili namba ya nguo yako. Ndiyo lile jambo. Katika picha ya kwanza wewe na mimi ni kijivu na wenzetu wote zambarau. Katika ya pili wote nane ni kijivu, hakuna zambarau hata ukiitafuta. Walidhani utacheka. Mtoto wa chekechea akiwa upande wa pili wa chumba anaziona ni picha mbili.

Mjomba, mimi macho yangu hayana kitu. Nilikudanganya. Kwa daktari nilikwenda kweli, lakini hakuniambia habari za ukoo. Mimi ndiye niliyemweleza habari zako, nikampa picha aitazame, nikamweleza na ya ule mlango wa basi dogo, na ya Babu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo mjomba aletwe mapema." Hakusema umekwisha. Nilimwuliza mara mbili, na mara zote mbili hakusema hivyo.

Nilijua nikikuambia uende kwa ajili yako utaniletea hadithi. Nikakuambia uende kwa ajili yangu. Nisamehe kwa uongo, lakini si kwa sababu yake.

Mpe Kobe picha zote mbili, umwulize yeye. Na usinijibu kwa utani. Utani wako naupenda, ila safari hii nitaurudisha kwa Dereva bila kuufungua.

Mpwa wako


Nyumbani,
Ijumaa, 2 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Ulikataa utani, nami nitajitahidi. Ukiukuta mahali, ujue umepenya wenyewe.

Nimekaa mwezi mzima bila kukujibu. Mkaza mjomba wako alimpigia simu mama yako kumwambia nimetibiwa jicho na tuko salama, lakini mambo yenyewe nilimwomba aniachie niyaandike mimi, yalivyokuwa.

Kliniki haikuwa na mashine mbovu. Ile siku nilifika, nikachukua namba, nikakaa kwenye benchi. Mbele yangu aliletwa mzee mmoja, mkewe kamshika kiwiko, akamketisha. Yule mzee aligeuza uso wake dirishani, akabaki hivyo, ametulia, kama Baba alivyokuwa akitulia. Namba yangu ilikuwa inafuata. Nikamwambia mama niliyekaa naye kwamba naenda kununua maji narudi, anishikie nafasi. Nikatoka, nikapita wauza maji wote, nikafika gereji nikavaa ovaroli. Sijui yule mama alinishikia nafasi mpaka saa ngapi.

Simu yangu haizimiki. Nilikaa nje ya gemu kwa sababu nilichoka kuambiwa nifuate askari wa nguo fulani nisijue ni yupi.

Na uongo wako niliujua. Wewe hujawahi kusubiri kwenye foleni yoyote bila kuniandikia ukurasa mzima wa malalamiko, halafu ghafla daktari ni mpole na safari nzima haina hata mtu mmoja wa kumsema. Nilijua, nikanyamaza. Maana ilimradi tunazungumzia macho yako, hatuzungumzii yangu. Nilikuhofia kweli, hilo usilitilie shaka. Ila nilikuhofia kwa hofu ambayo nilikuwa nayo tayari, nikaitafutia mtu mwingine wa kuibeba.

Ilipofika barua yako ya mwisho niliisomea pale pale gereji, nyuma ya lori. Nikachukua picha zote mbili nikampelekea Kobe. Alikuwa chini ya madigadi ya gari. Akatoka, akafuta mikono, akazitazama.

Nikamwuliza, "Kobe, hii ni picha moja au mbili?"

"Mbili, Fundi."

"Umejua tangu lini?"

"Picha nimeziona leo."

"Sikuulizi habari za picha."

Akakaa juu ya tairi. Kobe akikaa ujue ana maneno. Akaniambia kwamba ni tangu mvua za mwaka jana. Kila nikimaliza kuchanganya na kwenda kunywa chai, yeye analirudia kopo, anaongeza hiki, anapunguza kile, analirudisha mahali pake na kijiti kikitazama upande niliokiacha. Mimi narudi, napuliza, mteja anasifu. Siku ya mlango wa basi dogo yeye hakuwepo, alikwenda kuzika kwao. Ule mlango ndio kazi pekee ya mwaka mzima iliyotoka kama mimi nilivyoichanganya. Alipokohoa mbele ya yule mteja, halikuwa vumbi.

Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Ungenifukuza," akasema.

Nikafikiri, nikamwambia ni kweli, ningemfukuza.

Kilichoniuma si kukosea. Niliumwa na zile sifa. Mwaka mzima nimezipokea, nikaenda nazo nyumbani nikazisimulia mezani, nami nilikuwa napuliza tu rangi ya mtu mwingine. Nilifunga gereji mapema siku hiyo. Nikaenda nyumbani nikamwambia mkaza mjomba wako, "Nipeleke." Hakuuliza wapi. Alikuwa na mkoba tayari nyuma ya mlango, na wenyewe ulikuwa umeshashika vumbi juu.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia ndilo lililozidi. Daktari anasema kile kioo cha ndani ya jicho kinachakaa taratibu, kinageuka rangi ya chai, na mtu anakuwa anaitazama dunia kupitia kikombe cha chai bila kujua, kwa kuwa kila siku huongezwa tone tu. Bluu inakufa, zambarau inakufa, nyeupe na maziwa zinakuwa ndugu. Lakini kinatolewa, kinawekwa kingine. Nikamwuliza kama ya Baba yalikuwa haya haya. Akasema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumpima. Nilimshukuru kwa hilo. Angesema ndiyo, sijui ningetokaje mle chumbani.

La kulia wamelifanya wiki iliyopita. Ungekuwepo ungeona aibu. Niliongea tangu nilipolazwa mpaka daktari akaniomba, kwa upole kabisa, ninyamaze kwa kuwa nikiongea na jicho linatikisika. Nikanyamaza, nikaanza kuhesabu magari niliyowahi kuyapaka. Sikumaliza.

Kesho yake wakafungua bandeji. Nilikuwa nimepanga nitakachosema, kitu cha heshima, cha kusimuliwa. Jicho likafunguka, na cha kwanza mbele yangu ukawa ukuta wa chumba, nikasema, "Huu ukuta wamepaka vibaya, mkono wa pili wa rangi haukufika kona." Muuguzi akacheka. Mkaza mjomba wako naye akacheka, nikamgeukia. Unalijua lile gauni lake ambalo nimelisifu miaka hii yote, nikimwambia kahawia inampendeza? Ni zambarau, mpwa wangu. Ni zambarau iliyokolea, na kila nilipomsifia kahawia yake aliitikia ahsante. Nikafunika jicho la kulia nikamtazama kwa la kushoto: kahawia. Nikabadilisha: zambarau. Nikabadilisha tena na tena, naye amesimama pale ananiachia nimtazame. Halafu nikalia. Muuguzi alisema ni ile dawa ya matone. Mama yako akikuambia hivyo mkubalie, lakini wewe ujue haikuwa dawa.

Mwenye basi dogo nimemwita. Nilimwambia mbele ya Kobe kwamba gari lake lilikuwa safi na mlango ulikuwa wa maziwa. Kobe amechanganya, mimi sijagusa kitu, daktari ameniwekea marufuku ya vumbi na rangi mpaka nipone. Nimesimama mbali mlangoni kama mteja, na nimeona kwamba yule mtu wa polepole anachanganya vizuri kuliko nilivyowahi kumwambia. Sijui kama nitalirudia kopo. Daktari anasema nitaliweza. Labda tutagawana, asubuhi yeye jioni mimi, sijaamua, na nadhani haitakuwa sawa niamue peke yangu.

Sasa la mwisho, na hili sijamwambia mtu. Jicho la kushoto limepangwa mwisho wa mwezi huu, kliniki ile ile, benchi lile lile. Mama yako anadhani kwa kuwa la kwanza limekwenda vizuri basi nimekuwa shujaa. Naogopa kuliko mara ya kwanza. Safari ile sikujua wanachofanya, sasa najua. Juzi nimejikuta namwambia mkaza mjomba wako kwamba jicho moja linamtosha mtu wa umri wangu, na nilikuwa nasema kweli kabisa.

Yeye atanishika mkono. Wewe omba ruhusa, uje. Usikae karibu nami. Kaa karibu na mlango, na nikikuambia naenda kununua maji, usinipishe.

Ni mimi mjomba wako